Dada yake Nyanya

Mwaka jana dada mmoja Mwingereza, aliyekuwa anajitolea katika kituo chetu cha vijana hapa Kigali, alinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa ukurasa wa daftari la zamani, mwandiko wa wino uliolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na mvua. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Huyu ni babu wa babu yangu," akasema. Mtoto wa miaka 9, ameingia na mama yake, baba amekufa, hawana kitu.

Daftari hilo lilikuwa la nyumba ya maskini. Sikujua kama Uingereza iliwahi kuwa na kitu kama hicho, na nadhani wengi wenu hapa Mahama, Kiziba au Kigeme hamkujua pia. Alinieleza kwamba sheria ya 1834 ilisema maskini mwenye afya asisaidiwe akiwa nyumbani kwake. Akitaka chakula aingie katika nyumba ile, avue nguo zake avae za humo, mume alale upande wake, mke wake, watoto wao. Walivunja mawe, walichambua kamba kuukuu. Mpango huo ulifutwa rasmi mwaka 1930. Lakini madaftari yamebaki, na leo Waingereza wengi wanakaa usiku mbele ya kompyuta wakitafuta mababu zao humo: katika nyumba za maskini, katika hospitali, katika hospitali za wagonjwa wa akili ambazo sheria ya 1845 ililazimisha kila jimbo kuwa nazo. Ya hospitali mara nyingi hufungwa miaka 100 kwanza, ndipo watu wa nje waruhusiwe kuyasoma.

Jambo lililonikamata zaidi ni hili. Zamani kule, hata kabla ya nyumba hizo, maskini hakusaidiwa mahali popote alipokuwa. Alisaidiwa na parokia "yake" tu. Kwa hiyo alikalishwa mbele ya wakubwa na kuulizwa: umezaliwa wapi? Baba yako alikuwa wa wapi? Umewahi kufanya kazi mwaka mzima kwa mtu mmoja, na wapi? Umewahi kukodi nyumba ya bei gani? Mwandishi anaandika, maskini anaweka alama ya msalaba chini kwa sababu hajui kusoma. Wakiona si wa pale, wanamrudisha kwao.

Nilicheka mpaka nikamshangaza. "Hiyo ni intavyuu!" nikamwambia. "Hiyo sisi tunaijua!"

Halafu nikanyamaza kidogo, nikamwambia kwamba hata mimi nina mtu ambaye huenda aliandikwa na Waingereza katika daftari. Hakuwa nyumba ya maskini. Alikuwa kisiwani.

Mimi nilizaliwa Gihembe mwaka 1999, kambini, juu ya kilima kile cha Byumba. Familia yetu ni ya Masisi. Walikimbia 1996, wakapita Mudende, na wale waliopita Mudende mwaka 1997 wanajua kwa nini siendelei na sentensi hii. Waliobaki hai walipelekwa Gihembe, na pale tulikaa mpaka kambi ilipofungwa 2021 na watu wakahamishiwa Mahama.

Siku tunafunga mizigo, Nyanya alisimama nyuma ya nyumba akiangalia upande wa kaskazini, kule barabara inakoshuka kuelekea Gatuna. Nilidhani anaaga kilima tu, maana miaka 24 si mchezo. Nikamwambia gari linatusubiri. Akasema, "Sasa tunamuacha kabisa."

"Nani, Nyanya?"

"Yaya."

Nilijua ndugu zake wote, waliokufa na walio hai. Huyo sikuwahi kumsikia. Mama yangu pia hakuwahi. Nyanya hakuongeza neno mpaka tulipofika Mahama, na hata huko ilichukua wiki nyingi. Aliitoa habari kama mtu anayetoa mwiba, kidogo leo, kidogo kesho kutwa.

Nyanya hakuzaliwa Masisi. Alizaliwa upande huu, katika vilima vya Byumba, kabla ya njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944. Dada yake mkubwa alikuwa na umri wa kama miaka 12 au 13 alipoanza kuota mabaka kwenye ngozi. Siku moja aliinua chungu cha moto kwa mikono yake na hakusikia kitu. Nyanya anakumbuka harufu. Mama yao alipiga kelele, lakini dada mwenyewe alikuwa anashangaa tu kelele ni za nini. Ugonjwa wenyewe Nyanya hautaji jina mpaka leo, mimi ndiye ninayeandika ukoma.

Mtu mmoja aliyekuwa akivuka mpaka na kuuza mbuzi alimwambia baba yao kwamba upande wa Waingereza, katika ziwa la Bunyonyi, kuna kisiwa ambako madaktari Wazungu wanawatunza watu wa namna hiyo. Kisiwa hicho ni Bwama. Hospitali ilianzishwa 1931 na Dokta Leonard Sharp, Mwingereza wa misheni ya Kianglikana, yule yule ambaye na mwenzake Stanley Smith walifungua hospitali ya Kabale mwaka 1921. Watu walitoka Kigezi, wengine walivuka kutoka Rwanda. Siku hizo dawa ilikuwa mafuta ya mti wa chaulmoogra, sindano baada ya sindano, zinauma, na matokeo yake hayakuwa makubwa. Dapsone ilikuja baada ya Vita vya Pili.

Baba alimpeleka kwa miguu. Alirudi peke yake, akawaambia watoto waseme dada ameolewa mbali.

Baada ya miaka michache walikuja watu wa serikali ya Kibelgiji wakitangaza mashamba Kongo. Ule mpango ulikuwa na ofisi yake, Misheni ya Uhamishaji wa Wanyarwanda, ulioanza 1937 na kwisha 1955. Wabelgiji walikuwa na njaa na watu wengi upande mmoja, na mashamba ya walowezi yanayotaka vibarua upande wa pili, wakaona wasawazishe. Makumi ya maelfu ya watu walipelekwa Masisi na kando kando yake. Nyanya alipanda lori akiwa na miaka kama 10 au 11. Anasema baba yake aliacha maneno kwa jirani: mtoto wangu akirudi mzima, mwambieni tuko Masisi. Hakuna aliyekuja. Jirani mwenyewe labda alihama, labda alikufa, labda hakutaka kuongea na mtu aliyetoka kule.

Sasa mtu ataniuliza: kwa nini mama mzee anyamaze miaka 70 na zaidi kwa ajili ya ugonjwa? Mimi pia niliuliza. Nilifikiri ni aibu. Aibu ilikuwepo, ndiyo, lakini jibu kubwa nililipata kwa mjomba, na nililipata kwa ukali.

Nilimpigia simu nikamwambia nataka kutafuta habari za dada yake Nyanya. Akanyamaza, kisha akasema: "We mtoto, unataka kutunyang'anya Kongo?"

Mjomba aliwahi kufundisha shule ya msingi Zaire, sheria hizi anazijua kama sala. Mwaka 1972 watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950 walipewa uraia. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta huo, ikasema raia ni yule ambaye mababu zake walikuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Hebu fikiria. Mtu wa Masisi, anayelima viazi, aonyeshe babu wa 1885! Sheria ya 2004 ililegeza, ikaangalia wakati wa uhuru, 1960. Lakini hasira za 1981 zilibaki barabarani, na kwenye vizuizi hakuna anayesoma magazeti ya sheria. Kwa hiyo Nyanya, maisha yake yote ya Zaire, kila alipoulizwa alizaliwa wapi, alijibu Masisi. Alijibu hivyo kwa karani wa Mobutu, kwa askari, kwa majirani, mwishowe kwa watoto wake. Kuwa na dada Bunyonyi ilikuwa ni kuwa na ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Yule dada Mwingereza, kumpata babu wa babu katika nyumba ya maskini kulimpa furaha. Alimwandikia mama yake siku hiyo hiyo. Simlaumu, ni mtu mwema na alituletea mpira mbili za wavu. Lakini yeye hata angegundua kwamba babu yake alitoka mwezini, hakuna mtu angemwambia aondoke kwao.

Mjomba na mimi tulikubaliana baada ya simu tatu au nne. Nitafute, lakini jina la mtu yeyote wa familia lisiandikwe popote nje ya nyumba. Ndiyo maana katika insha hii hamtaona jina hata moja la kwetu, na mhariri tafadhali asiniulize tena.

Tulianza na kompyuta ya yule dada, jioni baada ya vijana kuondoka. Alinionyesha kwamba nyaraka za misheni hiyo kubwa ya Kianglikana zinatunzwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na karatasi za Dokta Joe Church, aliyefika Gahini mwaka 1928 wakati wa njaa ya Rwakayihura, ziko Cambridge. Tulipitia orodha mpaka umeme ukazima. Tuliona majina ya madaktari, majina ya wauguzi, barua kwa fulani, picha za majengo. Usiku ule hatukuona jina la mgonjwa hata mmoja.

Halafu akaniuliza swali la kawaida sana kwake: "Jina la ukoo ni lipi, tuliandike hapa?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba njia yake haiwezi kuwa yangu. Wao wanamtafuta mtu kwa kushika jina la ukoo kama kamba, wanavuta, babu anakuja. Wanyarwanda wa zamani hawakuwa na jina la ukoo. Kila mtoto alipewa jina lake peke yake. Nyanya na dada yake hawakuwa na hata silabi moja ya pamoja. Mtu alijulikana kuwa mwana wa fulani, na huyo fulani akifa na waliomjua wakihama, kamba imekatika. Tena kisiwani kulikuwa na wamisheni. Kama dada alibatizwa, basi ameandikwa Maria au Ruthu au Elizabeti, na maElizabeti wa dunia hii wako wangapi? Na R na L karani amezisikia namna gani?

Nyanya mwenyewe ni mfano. Kwenye kijitabu cha Kibelgiji cha mume wake alikuwa na jina la Kikristo. Mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, karani akalifuta na kumpa jina lingine kutoka kwa mama mkwe. Kwenye karatasi ya usajili wa kambi ana jina la tatu, na mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa: tarehe 1 Januari, kama wakimbizi wote wazee. Kama mjukuu wa mjukuu wangu atamtafuta, atapata wanawake watatu.

Wakati huo huo nilikuwa na kijana mmoja kazini, na hapa nimebadilisha mambo asijulikane. Alianza kusikia sauti. Alikuwa peke yake Kigali, hana mzazi. Nilimsindikiza Ndera, hospitali ya magonjwa ya akili iliyo upande wa Kanombe, ambako alipokelewa vizuri. Kabla ya kwenda nilijaza fomu yetu ya rufaa. Kwenye nafasi ya "ndugu wa karibu" alinitajia mama mmoja anayeuza makaa karibu na anapolala. Nikamuuliza, ni ndugu yako? Akasema hapana, ila ndiye anayenipa chakula, na ananijua. Mimi, kwa kuwa fomu inasema ndugu, nikaandika: hakuna. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na fomu nyingine sita mezani.

Nilikumbuka neno hilo wiki tatu baadaye, katika basi la kwenda Kirehe. Neno moja, lenye muhuri wetu juu yake. Kesho yake niliporudi nilimtafuta yule mama wa makaa. Alikuwa amemtafuta kijana siku zote hizo, vituo vya polisi viwili, akiambiwa haiwezekani kumpa habari kwa kuwa si ndugu. Aliniangalia tu. Hakunitukana, heri angenitukana. Nilirekebisha fomu, nikapeleka nakala, na Jumapili hiyo alipanda basi na kikapu cha ndizi kumwona.

Sitaki kuongeza chochote juu ya hilo. Nilikosea, na nimeliandika kwa sababu wafanyakazi wa mashirika pia wanasoma jarida hili.

Kwenda Bwama mwenyewe sikuweza. Mpaka wa Gatuna ulifunguliwa tena Januari 2022 baada ya karibu miaka mitatu, lakini kuvuka kwangu kunahitaji hati ya safari ya mkimbizi, na yangu bado naisubiri. Lakini sisi tuna binamu kila kambi. Mmoja yuko Nakivale, upande wa Uganda. Nilimtumia nauli kidogo kidogo. Akapanda basi mpaka Mbarara, mpaka Kabale, akashuka ziwani, akachukua mtumbwi.

Sauti yake ya kwanza ya WhatsApp ilikuwa na upepo mwingi. "Niko ku kisiwa sasa. Hapa kuko masomo, batoto banacheza mupira. Hospitali ya zamani hakuna tena. Kuko nyumba za zamani tu." Ya pili ilikuwa ndefu. Alikutana na mzee ambaye mama yake alikuwa mgonjwa pale. Mzee alimwambia dawa nzuri zilipokuja wengi walipona, wakaambiwa waende makwao. Wengine walienda, wakarudi. Walikuta nyumba zimefungwa, au watu wao wanawawekea chakula chini, mbali, kama mbwa. Hao walibaki, walioana wao kwa wao, walilima. Waliokufa walizikwa hapo hapo. Binamu aliuliza kama kuna daftari la majina. Mzee akacheka, akamwonyesha mteremko wenye miti ya mikaratusi. Hakuna msalaba wenye jina. Aliuliza pia kama mzee anakumbuka mwanamke Mnyarwanda, mwenye mikono iliyoungua. Mzee akamwambia: "Wote walikuwa na mikono iliyoungua."

Nilibeba sauti hizo mpaka Mahama. Mjomba alikuwepo, alikuja kutoka Kiziba kwa ajili ya ubatizo wa mtoto. Nilimwekea Nyanya simu sikioni kwa sababu hasikii vizuri, na betri ilikuwa asilimia 9. Alisikiliza zote mbili bila kusogea. Nilitegemea atalia, nikawa nimejiandaa na maneno ya kufariji, yale tunayofundishwa kwenye semina.

Aliuliza: "Kisiwa kile kiko na viazi?"

Nikamwambia binamu amesema wanalima viazi, mtama na maharage, na samaki wapo.

"Basi alikula," akasema. "Wakati ule wa Ruzagayura sisi tulikula mizizi. Nilifikiri njo njaa ilimuuwa huko, peke yake."

Akaniomba nirudishe pale watoto wanapocheza mpira. Nikarudisha. Akasikiliza mara mbili, tatu, simu ikazima.

Kisha akasema leta kalamu. Nilimwangalia mjomba. Mjomba aliangalia chini. Sikuwa na karatasi ila ile ya kliniki ya macho ya Nyanya, nikaigeuza nyuma. Alinitajia jina la dada yake, polepole, na nikamsomea, akasema hapana, ni R, si L. Nikafuta. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuikunja.

"Andika na jina la baba yetu," akasema. "Bila baba watajuaje ni yupi? Na uandike kilima."

Niliandika kilima. Jina la kilima cha Byumba, kwa herufi kubwa, mbele ya mjomba. Hakuna aliyesema kitu. Nje mtu alikuwa anapiga kelele za foleni ya maji. Halafu mjomba akanyoosha mkono akachukua karatasi, akaisoma, akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni na kurekebisha herufi moja katika jina la baba. Akaikunja mara nne. Akafungua ule mfuko wa plastiki tunamoweka karatasi ya usajili wa familia, akaitia ndani, nyuma kabisa.